Kabla Hujasema "Kitupeni": Neno kwa Wanaosubiri Mtoto Kupitia Maabara

 

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko ule wa kila asubuhi. Chukua chai yako, keti, usome hadi mwisho kabla hujaandika maoni. Kuna mtu kwenye ukurasa huu ambaye analihitaji neno hili, na huenda hajamwambia mtu yeyote, hata mama yake mzazi.

Majuzi, baada ya ibada ya pili, wanandoa wawili walinisubiri hadi viti vikapangwa na mafundi mitambo wakazima spika. Wamenipa ruhusa niseme haya, na nimebadilisha mambo madogo ili wasijulikane. Wameoana miaka tisa. Mimba tatu zimetoka. Waliuza ploti, wakachukua mkopo wa sacco, wakaenda kliniki ya uzazi. Walipata viinitete vitatu, na vyote vikapimwa. Kimoja kilitoka kizuri, kikapandikizwa, hakikushika. Cha pili kilitoka na kasoro. Cha tatu karatasi ilisema "mozaiki".

Wakapigiwa simu. Wakaambiwa kwamba wengi huwa hawavitumii vya namna hiyo, kwa hivyo waamue kama wataendelea kulipia kihifadhiwe kwenye barafu au kiondolewe.

Yule dada akaniuliza, macho yako chini: "Pasta, huyo ni mtoto wangu ama si mtoto? Na nikisema kiondolewe, nitakuwa nimeua?"

Wapendwa, mimi nimehubiri miaka mingi. Siku hiyo sikuwa na jibu. Tukaomba, kisha nikawaambia, "Nipeni muda." Nimesoma, nimemsumbua daktari mmoja wa kanisa letu hadi usiku, nimerudi kwenye Neno. Leo naleta nilichopata na ninachoamini. Haya ni maoni yangu. Hakuna sauti iliyonijia usiku ikaniambia kuhusu kiinitete cha mtu.

KWANZA, NITUBU MBELE YENU

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama madhabahuni nikasema kwamba mtu anayeenda kutafuta mtoto maabara amekosa imani. Watu walipiga makofi. Mama mmoja aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba wiki ile ile alikuwa akijidunga sindano za kukomaza mayai kila jioni, na alikuja kanisani kutafuta nguvu. Hakurudi tena.

Soma 1 Samweli sura ya 1. Hana alikuwa akiomba kimya kimya, midomo inatikisika, sauti haisikiki. Kuhani Eli akamtazama kwa nje akasema moyoni, huyu amelewa. Mtumishi wa Mungu kabisa, ameketi hekaluni, akasoma midomo akakosea moyo. Ile Jumapili mimi nilikuwa Eli. Kama yule mama anasoma hapa: dada yangu, nisamehe.

Lakini Eli alifanya jambo moja jema. Alipoelezwa, alisikiza, akabadilisha maneno yake, akambariki. Na mimi leo naomba kubadilisha yangu.

KINACHOFANYIKA MAABARA

Wengi wetu tunabishana juu ya kitu tusichokijua. Wacha nieleze kwa lugha rahisi.

Mke hupewa dawa ili mayai mengi yakomae kwa wakati mmoja. Mayai yanatolewa, yanakutanishwa na mbegu za mume maabarani. Mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa njia hiyo ni Louise Brown, kule Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Hapa kwetu Kenya, watoto wa kwanza walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Kwa hivyo jambo hili si geni tena. Watoto hao ni watu wazima.

Ikifika siku ya 5 au ya 6, kiinitete kina seli mia moja hivi au zaidi, na tayari kimejigawa sehemu mbili. Kuna kifungu kidogo cha ndani. Hicho ndicho huwa mtoto. Na kuna ukuta wa nje. Huo ndio huwa kondo la nyuma. Wakitaka kupima, wataalamu hutoa seli 5 hadi 10 hivi kutoka ule ukuta wa nje. Cha ndani hakiguswi.

Kisha huhesabu kromosomu. Seli ya kawaida ya mwanadamu ina kromosomu 46. Zikizidi au zikipungua, mara nyingi mimba haishiki, au inashika halafu inatoka. Wakati mwingine mtoto anazaliwa akiwa na hali fulani, kama ile ya Down, ambapo kromosomu ya 21 ziko tatu badala ya mbili.

Sasa kuna majibu ya aina tatu. Seli zote zikionekana sawa, kiinitete huitwa cha kawaida. Karibu zote zikionekana na tatizo, huitwa chenye kasoro. Na kuna cha katikati: baadhi ya seli ziko sawa, baadhi haziko sawa. Hicho ndicho mozaiki. Fikiria kiondo kilichofumwa kwa nyuzi za rangi mbili. Maabara nyingi husema hivi: kasoro ikiwa chini ya asilimia 20 ni cha kawaida, ikipita asilimia 80 ni chenye kasoro, hapo katikati ni mozaiki.

Mchanganyiko huo kwa kawaida hutokea baada ya yai kurutubishwa, seli zinapogawanyika haraka haraka na moja ikakosea kugawa. Sikia vizuri, mpendwa: SI LAANA YA UKOO. Si kwa sababu nyanya yako alikuwa mchawi. Mtu akikwambia ulete mbegu ya pesa ndipo akukatie mizizi ya mozaiki, chukua watoto wa ndugu yako na mkoba wako, uende nyumbani.

GUNIA LA MAHINDI

Wale wa Kitale na Eldoret mtanielewa haraka. Unapeleka mahindi kuuza. Mnunuzi anachukua kile chuma chake, anatoboa gunia upande mmoja, punje chache zinamwagikia mkononi. Anazitazama, anaamua gunia lote. Kama mahindi yalikauka sawasawa, punje hizo zitasema ukweli. Lakini kama gunia lilinyeshewa upande mmoja tu, je? Akitoboa palipolowa, atakataa gunia zima. Akitoboa pakavu, atanunua lenye unyevu.

Kiinitete cha mozaiki ni gunia lililonyeshewa upande mmoja. Seli chache za ukuta wa nje haziwezi kukwambia kwa uhakika hali ya kile kifungu cha ndani. Na wakati mwingine hakuna mchanganyiko wowote, ni usomaji wa mashine tu ambao haukuwa safi.

Kuna profesa mmoja, Magdalena Zernicka-Goetz, anayechunguza viinitete. Alipata mimba akiwa na miaka 44. Kipimo cha kondo la nyuma kilionyesha kwamba hadi robo ya seli zilizopimwa zilikuwa na kasoro. Mtoto alizaliwa mzima. Yeye na wenzake wakaenda kuchunguza viinitete vya panya, wakachapisha matokeo mwaka 2016: ndani ya kifungu kinachokuwa mtoto, seli zenye kasoro zilikuwa zinajiua zenyewe, na zile nzima zinachukua nafasi. Ni panya, si watu, lakini mimi niliposoma hapo niliweka simu chini nikasema, Bwana, kumbe hata pale ambapo hakuna jicho la mama bado kuna kazi ya kutengeneza inaendelea.

Na kwa wanadamu? Mwaka 2015 madaktari wa Italia wakiongozwa na Ermanno Greco waliwapandikizia wanawake 18 viinitete vya mozaiki, wanawake ambao hawakuwa na kingine. Watoto 6 walizaliwa, wote wazima. Kabla ya hapo, viinitete kama hivyo vilikuwa vinatupwa. Mwaka 2021 uchunguzi mwingine wa Italia ulipandikiza viinitete bila madaktari kujua ni vipi vina mozaiki ya kiwango cha chini au cha kati. Mwishowe waliozaliwa hai walikuwa karibu sawa na wale wa viinitete vya kawaida.

Sasa nisiwadanganye. Mwaka huo huo wa 2021 yalikusanywa matokeo ya viinitete 1000 vya mozaiki, na kwa jumla vilishika kidogo kuliko vya kawaida, na mimba zilitoka zaidi, hasa kasoro ikiwa ya kiwango cha juu. Na ziko mara chache ambapo mchanganyiko ulibaki hadi kwa mtoto. Kwa hivyo mtu asisome ujumbe huu akasema, "Pasta amesema vyote ni vizima." Sijasema hivyo.

NINACHOAMINI

Ninaamini kwamba kiinitete cha mozaiki kisitupwe kwa sababu ya neno moja kwenye karatasi. Wazazi wapewe nafasi ya kuuliza, na wakishauriwa vizuri na kuona wanaweza, wakipe nafasi ya kuingia tumboni.

Sababu yangu ya kwanza ni ukweli. Kipimo hiki hakikusema "mtoto huyu ni mgonjwa". Kilisema "hatuna uhakika". Na mtu mwaminifu hatoi hukumu ya mwisho juu ya ushahidi wa nusu. Yule Samweli, mtoto wa Hana mwenyewe, alipotumwa nyumbani kwa Yese karibu ampake mafuta Eliabu kwa sababu ya urefu na sura. Mungu akamzuia, akamfundisha kwamba binadamu huishia kuona kilicho nje, ila Yeye huona cha ndani. Ukuta wa nje si mtoto, wapendwa.

Sababu ya pili ni heshima. Zaburi ya 139 inatuonyesha Mungu akimwona mtu hata kabla viungo vyake havijawa na umbo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 26, nayo inaweka mwanzo wa uhai pale mimba inapotungwa. Najua wako Wakristo wazuri ambao hawakubaliani nami kuhusu kiinitete kilicho kwenye barafu, na sitamfukuza mtu kanisani kwa hilo. Lakini kama kuna hata shaka kwamba pale pana mtu, tembea polepole. Hakuna anayefyatua risasi kichakani kabla hajajua kilichotikisa majani.

Sababu ya tatu ni yule dada. Ametoa ploti, ametoa damu, ametoa miaka. Kumwambia kwa simu ya dakika tatu, wakati yuko kwenye matatu, kwamba kilichobaki huenda hakifai, hata kama anayesema hana nia mbaya, ni kumvunja mtu.

"PASTA, LAKINI..."

Najua maswali yenu, wengine mmeshaanza kuandika.

Mmoja atasema: "Si afadhali kitupwe kuliko apoteze mimba ya nne?" Mpendwa, swali hilo ni zito na sitalipita kwa Haleluya. Mwili wa mwanamke si uwanja wa kuonyesha imani ya mchungaji. Kama daktari wake ameona kwamba mimba ingine ikitoka itamdhuru, au yeye mwenyewe ameishiwa, ana uhuru wa kusema imetosha. Kutopandikiza kwa sababu umefika mwisho wa nguvu zako si sawa na kudharau uhai. Ninachopinga ni kutupa kwa haraka na kwa kutojua.

Mwingine atasema: "Na kile cha pili kilichotoka na kasoro?" Hapa naongea kwa upole. Kuna kasoro ambazo kiinitete chake hakiwezi kuishi kamwe, hata kikipandikizwa. Kukiacha kiende kwa Muumba wake si kuua. Ni kama kumzika aliyekwisha kuondoka. Lakini kuna kasoro ambazo watu huishi nazo. Kwenye kwaya yetu ya watoto yuko kijana mwenye Down ambaye hucheza kabla muziki haujaanza, na mama yake hulia kila Jumapili kwa furaha. Siwezi kusimama mbele ya mama huyo nikasema mtoto kama wake ni takataka ya maabara. Siwezi, na sitasema.

Mwingine: "Basi kupima kwenyewe ni dhambi?" Hapana. Kuna vipimo tofauti. Mke na mume wote wakibeba chembe ya selimundu, na huko Kisumu, Busia na Kilifi tunajua habari hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye ugonjwa. Wazazi waliozika watoto wawili, wakiomba kipimo cha ugonjwa huo, mimi sina jiwe mkononi. Naomba tu wafikirie mapema watafanya nini na viinitete vingine.

Lakini hiki kipimo cha kuhesabu kromosomu, usikubali kwa sababu tu kipo kwenye orodha ya bei. Huko China, kwenye uchunguzi uliochapishwa 2021, wanawake 1212 wa miaka 20 hadi 37 waliokuwa na viinitete vizuri vitatu au zaidi waligawanywa makundi mawili. Waliopimwa, asilimia 77.2 walipata mtoto. Wasiopimwa, asilimia 81.8. Kwa hivyo kwa mama kijana mwenye viinitete vizuri, kipimo hakikuongeza watoto. Kwa aliyepoteza mimba nyingi, au mwenye umri mkubwa, mazungumzo ni mengine. Muulize daktari wako: kwa hali YANGU, kipimo hiki kitanisaidia nini?

MASWALI YA KUBEBA KLINIKI

Yaandike kwenye daftari, msiende na kichwa tupu.

1. Kabla ya kuanza: tutatengeneza viinitete vingapi? Je, tunaweza kurutubisha mayai machache ili tusibaki na tusivyoweza kuvilea?

2. Kama ni mozaiki, ni asilimia ngapi, na ni kromosomu gani? Asilimia 25 si sawa na 70, na kromosomu hazina uzito mmoja.

3. Je, tunaweza kuzungumza ana kwa ana na mshauri wa vinasaba, si kwa simu tu?

4. Tukikipandikiza, mimba itafuatiliwaje? Wataalamu hushauri kipimo cha maji ya uzazi baadaye. Kina hatari ndogo, na ni haki yako kuelezwa na kuamua.

5. Ile fomu tuliyotia sahihi inasema nini tukichelewa kulipia hifadhi, tukitengana, au mmoja akifa? Isome yote. Bungeni, Mheshimiwa Millie Odhiambo amesukuma kwa miaka mingi mswada wa kusimamia mambo haya, lakini sahihi yako ni yako leo.

KWA SISI WENGINE KANISANI

Mama mkwe, mawifi, na kina mama wa maombi: acheni kuuliza "bado tu?" kwenye harusi na matanga. Siku ya Akina Mama tusiwaambie "wamama wote wasimame" huku mwingine amebaki ameketi amekumbatia mkoba. Nimeagiza jambo hilo likome kwetu kuanzia mwaka huu.

Wanaume: msimwache mke aende kliniki peke yake. Elkana alimpenda Hana, lakini alidhani upendo wake unatosha kuziba pengo. Haukutosha. Ketini naye, msikie daktari pamoja.

Na kwa wasio na viinitete, wasio na pesa ya kliniki, wasio na lolote ila magoti: hamjasahaulika. Mtoto si cheti cha kupendwa na Mungu. Wapo wenye watoto kumi wasiomjua Bwana, na wapo wasio na hata mmoja ambao Mungu anawaita rafiki zake.

WALIVYOAMUA

Mtauliza, wale wanandoa wamefanyaje? Walirudi kliniki na daftari. Wakaomba kuketi na daktari mwenyewe. Kumbe asilimia ilikuwa ya chini. Akawaeleza hatari zote bila kuficha. Wakaenda nyumbani, wakafunga siku tatu, wakaniambia: "Pasta, tumeamua kumpokea. Akikaa ni wa Bwana, asipokaa ni wa Bwana."

Upandikizaji bado haujafanyika. Sina ushuhuda wa kuwapa leo, wala sitatabiri. Nimeona ni vizuri niandike sasa, kabla sijajua matokeo, ili msidhani ukweli wa jambo hili unategemea kama mtoto atazaliwa. Uamuzi wao ulikuwa wa haki siku waliyouamua.

Tuombe.

Baba, Wewe unayeona mahali darubini inapokomea, wakumbuke wote wanaosubiri simu kutoka maabara wiki hii. Wape madaktari mikono safi na ulimi wa upole. Tusamehe sisi wachungaji tuliowahukumu waliokuwa wanaomba. Vile vidogo vilivyo kwenye barafu, ambavyo hakuna anayevitaja kwa jina, tunaviweka mikononi mwako. Na yule dada, Bwana, mshike. Ikawe kicheko au ikawe machozi, usimwache peke yake. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama unapitia haya, usiandike siri yako hapa kwenye maoni. Nitumie ujumbe wa faragha, mke wangu na mimi tutakupigia. Wengine wote, andika AMINA, kisha umtumie mtu mmoja unayejua anasubiri. Usimwambie kitu. Mtumie tu.

Ni mimi mtumishi wenu katika shamba la Bwana. Siku njema, mbarikiwe.